Igizo letu halifanani na walilozoea watu. Tulionyeshe vipi?

*«Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongozaji wa kikundi cha sanaa chenye watu 14 wilayani Kisarawe. Tumeandika igizo kuhusu mjane anayenyang'anywa shamba la mikorosho na ndugu za marehemu mumewe. Hatutumii jukwaa. Watazamaji wanatufuata kutoka ua mmoja hadi mwingine, na mwishoni wao ndio wanakuwa kikao cha ukoo na kuamua shamba liende kwa nani, kwa hiyo mwisho unaweza kubadilika kila siku. Tulipowaonyesha wazee kipande, mmoja alisimama akasema, "Hili si igizo, ni ugomvi wa watu." Kuna mfadhili yuko tayari kutusaidia ila anataka mwisho uwe mmoja, wenye mafunzo, na tuguse pia lishe ya watoto. Waigizaji wanne wameshakwenda Dar kwenye tamthilia za televisheni. Tumetangaza onyesho baada ya wiki nane. Wenzangu wengine wanasema tusubiri tupate ukumbi wa maana mjini, wengine wanasema tupunguze makali. Nishike lipi?»*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mengi, lakini naona yote yametoka kwenye hofu moja: kwamba watu watakuja, hawatajua wanatazama nini, na kazi yenu yote itaonekana upuuzi mbele ya majirani. Hofu hiyo ina msingi. Ila dawa mnazozifikiria, yaani ukumbi wa mjini na kupunguza makali, hazigusi ugonjwa wenyewe.

Nianze na yule mzee. Wewe umemsikia akilikataa igizo. Mimi nimemsikia akiliamini. Hakusema hajaelewa, wala hakusema amechoka. Aliona ugomvi wa watu anaowajua, ukitokea uani kwa watu, na hakuna aliyemwambia mchezo unaanza wapi, yeye akae wapi, na ana ruhusa ya kufanya nini. Mtu mzima asiyejua nafasi yake kwenye ugomvi wa watu hufanya alichofanya yule mzee: anasimama na kuukemea.

Kila onyesho duniani lina patano na watazamaji wake. Mtambaji akiita «Paukwa!» na watu wakaitika «Pakawa!», patano limefungwa: kuanzia hapo sungura anaweza kusema na hakuna atakayebisha. Ukumbini kazi hiyo inafanywa na viti vilivyoelekezwa mbele, taa zinazozimwa na pazia. Mkiondoa jukwaa mnaondoa na patano, na msipoweka jingine mtazamaji anabaki ameshika la zamani ambalo halimsaidii. Hapo ndipo maigizo mapya mengi yanapoanguka, na mara nyingi lawama inaangukia ugeni wa kazi.

Kuna mfano unaojulikana sana kwenye taaluma yetu. Januari 1956 igizo la Samuel Beckett, *Waiting for Godot*, lilifunguliwa Miami, Marekani. Lilikuwa limetangazwa kama kichekesho kikubwa, na mmoja wa waigizaji wake wakuu, Bert Lahr, alikuwa mchekeshaji mwenye jina. Watu walikuja kucheka. Wakakuta wanaume wawili barabarani wanamngoja mtu asiyefika, na wengi wakaondoka sehemu ya kwanza ilipokwisha. Novemba 1957 kundi jingine, kutoka San Francisco, lililicheza igizo hilo hilo ndani ya gereza la San Quentin, California, mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Wale walilifuata kwa utulivu mpaka mwisho. Hakuna aliyekuwa amewaahidi kichekesho, na kungoja walikuwa wanakujua kuliko mtu yeyote wa Miami. Maneno ya igizo yalikuwa yale yale. Kilichotofautiana ni kile ambacho watu walikuja nacho vichwani.

Sasa jiulize watu wa Kisarawe wanakuja na nini. Umeandika kana kwamba kumfanya mtazamaji atembee ni jambo geni kwao, na hapo sikubaliani na wewe. Nyinyi ni watu wa Pwani. Mdundiko, ngoma yenu ya kutembea, ukipita mtaani, watu hawaulizi viti viko wapi. Wanaufuata, wanaitikia, mwingine anaacha ndoo kisimani. Mwili wa mtazamaji wenu unajua kufuata tayari. Asichokijua ni kwamba ufuasi huo huo unaweza kumpeleka kwenye habari ya kufikiri. Kwa hiyo anzeni na anachokijua. Awepo mpiga ngoma mmoja ambaye kazi yake ni kuwahamisha watu tu, na ngoma ikinyamaza wajue wamefika. Safari ya kwanza iwe fupi, hatua chache, na kipande cha kwanza kiwe chepesi kueleweka. Halafu waombeni kitu kidogo mapema: waitikie salamu ya msiba, mtu ashike jembe, mama mmoja akaribishwe mkekani. Mkisubiri mpaka mwisho ndipo muwageukie watazamaji na kuwaambia «sasa nyinyi ni ukoo, amueni», watanyamaza, na mtadhani hawajali. Kumbe hawajazoezwa kuingia. Ushiriki unajengwa ngazi kwa ngazi kuanzia dakika za mwanzo.

Kuhusu kusubiri ukumbi wa maana, mfano mkubwa kuliko wote katika ukanda wetu ulifanyika kijijini. Mwaka 1977, Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wanakijiji walicheza *Ngaahika Ndeenda*, yaani Nitaolewa Nikitaka, iliyoandikwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuongozwa na Kimani Gecau. Ukumbi hawakuwa nao. Wakajenga wenyewe, wa wazi, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Waigizaji walikuwa wakulima, wafanyakazi wa viwandani na watu wasio na kazi.

Jambo la kujifunza pale, kwa maoni yangu, ni mazoezi kuliko hata ule ukumbi. Yalifanyika hadharani. Aliyepita alisimama, akatazama, akasahihisha. Wazee waliwaambia waandishi kwamba mtu wa umri fulani hasemi hivi, na msemo ule si wa kijana. Mama mmoja asiyejua kusoma wala kuandika ndiye aliyewapa, neno kwa neno, majibizano ya nyimbo za harusi yaliyoingia kwenye igizo. Siku ya kufungua, tarehe 2 Oktoba 1977, igizo lilikuwa jipya kwa kila kipimo: lugha, mahali, wachezaji, namna ya kulitengeneza. Lakini halikuwa geni kwa waliokaa pale, maana walikuwa wamelitazama likikua na wengine walikuwa wamelikuza. Patano lilifungwa miezi kabla ya onyesho.

Lazima nikueleze na upande wa pili, maana vijana wengi huitaja Kamiriithu kwa fahari na kuishia hapo. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo kibali kilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini kwenye gereza la Kamiti bila mashtaka kwa takriban mwaka mzima. Machi 1982, kikundi kilipokuwa kimezuiwa kucheza igizo lingine, ukumbi ule uliojengwa kwa mikono ya wanakijiji ulibomolewa na polisi. *Ngaahika Ndeenda* ilirudi jukwaani Nairobi mwaka 2022, baada ya miaka 45. Mazoezi ya wazi yana bei. Yanakupa watazamaji wanaolimiliki igizo, na yanawapa wasiolitaka muda wa kutosha wa kuandaa pingamizi. Zama zile si hizi, na Kisarawe si Limuru, lakini kila mtu kwenye kikundi chako anastahili kulijua hilo kabla hajakubali.

Ndiyo maana nakuomba ulishughulikie suala la kibali mapema kuliko ulivyopanga. Hujalitaja kabisa kwenye swali lako, na limenipa wasiwasi kuliko habari ya mzee. Kwetu Tanzania michezo ya jukwaani iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) nayo ina utaratibu wake wa kusajili vikundi na matukio ya sanaa. Kutokuwa na jukwaa la mbao hakuwaondoi kwenye sheria, maana mnaonyesha mbele ya umma. Mtu wa kumwona kwanza ni afisa utamaduni wa halmashauri yenu. Nenda kwake na muswada kamili.

Hapo utakutana na ugumu wa igizo lenu hasa: utawasilishaje muswada wa kitu ambacho mwisho wake haujaandikwa? Andikeni miisho yote. Ikiwa kikao kinaweza kumpa shamba mjane, au shemeji zake, au kuligawa, andikeni yote mitatu kwa ukamilifu, na elezeni wazi kwamba watazamaji watachagua mojawapo. Msifiche sehemu ya ushiriki mkidhani mtapita kirahisi. Afisa akigundua siku ya onyesho kwamba kuna jambo hakuambiwa, atakuwa na kila sababu ya kusimamisha. Kuiandika kutawasaidia nyinyi pia, maana nashuku hamjalifikiria vya kutosha swali hili: mtafanya nini kikao kikimnyima mjane shamba?

Usidhani haitatokea. Watazamaji hawawi watu wapya kwa sababu wameingia kwenye igizo. Wanakuja na mila zao, dini zao na kesi za kwao nyumbani. Augusto Boal wa Brazil, aliyeeneza maigizo ya namna hii tangu miaka ya 1970, alimtaka mtazamaji aingie na kujaribu mwenyewe, si kuthibitisha jibu ambalo mwongozaji ameshalishika mkononi. Kama mmewapa watu uamuzi, uheshimuni. Muigizaji akianza kuwahutubia kwamba wameamua vibaya, mmewadanganya tangu mwanzo. Badala yake tengenezeni kipande kifupi kwa kila uamuzi, kinachoonyesha kinachofuata baada yake: nani analala wapi usiku ule, korosho za msimu ujao zinaokotwa na nani, watoto wanakwenda na upande gani. Waacheni watu watazame matokeo ya neno lao. Hapo igizo linakuwa na nguvu ambayo hotuba haina.

Halafu fahamuni sheria za jambo mnalolionyesha. Umeandika tu kwamba ndugu wanamnyang'anya shamba. Mirathi hapa nchini haina njia moja. Inategemea kama familia inafuata mila, Uislamu au sheria nyingine. Kama familia ya kwenye igizo ni ya Kiislamu, mjane ana fungu lililotajwa: thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, robo ikiwa hakuacha. Igizo likimwonyesha anadai shamba zima kana kwamba ni haki isiyo na mjadala, atasimama mtu mmoja na kusema hivyo, na atakuwa sahihi, na kikao chenu kitavunjika kwa kosa la utafiti. Kaeni na shehe wa hapo kwenu na kaeni na msaidizi wa kisheria, kila mmoja kwa wakati wake, kabla hamjafunga muswada. Kama sehemu ya shamba alililima na kulinunua yeye mwenyewe mjane, basi mgogoro wenu ni mgumu zaidi na mzuri zaidi kwa igizo.

Sasa makali. Sikushauri uyapunguze, ila yatazameni yanatoka wapi. Makali yanayotoka kwenye hali yenyewe, kwa mfano shemeji anayehesabu mikorosho kabla arobaini haijaisha, hayo ni uhai wa igizo. Makali yanayotoka kwenye jina la mtu, lafudhi ya mtu anayejulikana, au kisa ambacho kijiji kizima kinajua ni cha nyumba ipi, hayo yanaweza kuwapeleka mahakamani na yanamuumiza mtu ambaye hakuomba kuonyeshwa. Ebrahim Hussein alipotaka kuuliza maswali mazito juu ya imani, uongozi na nguvu ya neno, aliyaweka ndani ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kwenye tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyotoka 1969, na akaeleza mwenyewe kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, si yule wa historia. Umbali ule haukupunguza kitu. Huenda yule mzee wenu alimaanisha hili hasa: kwamba ameujua ugomvi ni wa nani. Rudi ukamuulize, kwa adabu, faragha. Akikutajia jina la familia, badilisheni kisa. Asipotaja, mwombe aje kwenye mazoezi.

Kuhusu mfadhili, tofautisha masharti yanayogusa mahali, muda na taarifa na yale yanayogusa kiini. Akitaka mcheze vijiji vitatu zaidi, au mhesabu watu waliohudhuria, mpeni. Mwisho mmoja wenye mafunzo ni jambo jingine: unaua igizo lenu, maana kikao cha ukoo kisicho na uwezo wa kuamua ni mapambo. Na lishe ya watoto ikichomekwa kwenye kinywa cha mjane, watazamaji watalijua tangazo mara moja. Watu wetu wameshaona maigizo mengi ya ujumbe. Mhusika akisimama wima na kubadilisha sauti ili afundishe, macho yanaondoka kwake. Mpendekezee mfadhili njia nyingine: baada ya onyesho kuwe na mazungumzo ya nusu saa, ambapo anaweza kumleta mhudumu wa afya au msaidizi wa kisheria. Akikataa, hesabu kweli kabla hujamwacha. Igizo la kutembea halibebi watu wengi. Wakizidi 60, wa nyuma hawasikii. Ukitoza shilingi 2,000 unapata 120,000, na ukiigawa kwa watu 14, kabla ya nauli, maji na taa, haifiki 9,000 kwa mtu. Kiingilio hakitawalisha. Mkimkataa mfadhili, kila mwanakikundi aelewe kwamba mnafanya kazi hii kwa msimu mmoja karibu bila malipo, na asiyeweza aruhusiwe kuondoka bila lawama.

Hilo linanileta kwa wale wanne. Usiwakasirikie, televisheni inalipa kwa siku na wana familia. Kinachohitajika sasa ni kila nafasi kubwa iwe na watu wawili wanaoijua, na tarehe pamoja na posho ziandikwe kwenye karatasi hata kama posho ni ndogo. Igizo lenu lina nafuu moja hapa. Kwa kuwa sehemu ya mwisho haichezwi kwa kukariri, mwigizaji mpya anahitaji zaidi kuijua familia ile, nani anamdai nani na nani alimuuguza marehemu, kuliko kumeza kurasa za maneno. Ila anayeongoza kikao, mzee wa ukoo, hawezi kuwa mgeni. Mpe mtu wenu mzoefu kuliko wote: awe na masikio, ajue kumpa nafasi mama aliyekaa nyuma na kumkatiza kwa heshima mzungumzaji asiyemaliza.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuwafanyia. Mtafuteni mwongozaji mwenye uzoefu aje akae nanyi kwenye zoezi zima, awatazame watazamaji zaidi ya anavyowatazama waigizaji. Bagamoyo kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, si mbali sana na kwenu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu waliokulia kwenye maigizo ya vijijini. Kama mtacheza usiku, fundi umeme apite nyua zote kabla, maana watu watatembea gizani juu ya nyaya. Na kwa yakini kabisa, siku moja atakuja mjane wa kweli, akiwa amekaa mita chache kutoka kwa shemeji zake wa kweli. Mwoneni afisa ustawi wa jamii mapema, mkubaliane nani atakuwepo kila onyesho na nani atatoka naye nje ikibidi. Na kama ndani ya kikundi kuna mtu ambaye kisa hiki kilimpata, muulize faragha anataka kucheza nafasi ipi au kama anataka kucheza kabisa. Akianza kukosa usingizi au kulia kila baada ya mazoezi, msimamishe na umpeleke kwa mtaalamu. Onyesho linaweza kuendelea bila yeye kwa wiki hiyo.

Jambo lingine la karibuni, kwa wale wenzako wanaodhani kibali kikipatikana kazi imekwisha. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere nchini Kenya walikuwa na amri ya Mahakama Kuu inayowaruhusu kucheza igizo lao, *Echoes of War*, kwenye tamasha la kitaifa la shule, Nakuru. Walipoingizwa ukumbini hawakukuta watazamaji, na nje polisi walikuwa wamewatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Karatasi walikuwa nayo. Watu wa kuwatazama hawakuwa nao, na bila hao waliona hakuna cha kucheza.

Basi ratiba yako. Wiki nane hazitoshi, na kusogeza tarehe sasa ni rahisi kuliko kusogeza wiki ya mwisho. Toeni tangazo fupi kwamba onyesho limeahirishwa. Wiki mbili za kwanza zitumieni kwa muswada: miisho mitatu, shehe, msaidizi wa kisheria, yule mzee. Kisha upelekeni kwa afisa utamaduni, na wakati mnasubiri majibu endeleeni na mazoezi ya ndani ya kikundi tu, huku mkiwafundisha wachezaji wapya. Afisa akishaujua muswada na kuwaambia mazoezi ya wazi yanaruhusiwa, yafungueni: ua mmoja, watazamaji kumi au kumi na watano, wazee wakiwemo, kila Jumamosi alasiri. Kipande wasichokifuata kirekebisheni wiki hiyo hiyo. Watu wakianza kuja na ndugu zao bila kualikwa, mko karibu. Tarehe mpya msiitangaze kabla kibali hakijawa mkononi.